Jina la Golikipa: Mashindano ya Vijijini na Ushairi Wetu

Mpira wa vijijini umepata kila kitu katika lugha yetu isipokuwa shairi lake. Umepata msamiati, kuanzia golikipa na fulubeki wa zamani hata kipa na beki wa leo. Umepata majina ya madaraja yake: huko visiwani vijana hupanda kutoka Juvenile kwenda Junior na Central, na huku bara tuna mchangani, ndondo na mashindano ya kugombea mbuzi. Umepata hata mzaha wake na matusi yake. Lakini mtu akitaka kujua ni nani aliyelinda lango la Hedaru katika miaka ya 1950, hataikuta habari hiyo katika diwani yoyote iliyowahi kupita mkononi mwangu. Wala si kwamba mashairi ya michezo hatunayo. Tunayo, tena mengi. Kasoro yake ni kwamba yanausifu mchezo bila ya kumtaja mchezaji.

Hoja yangu katika makala haya ni moja, nayo nitaijenga kwa mifano ya hapa tulipo na ya mbali. Shairi la mashindano ni shairi la majina. Likiyaacha majina likashika mawaidha, hufa pamoja na siku yake, hata vina vyake vikiwa safi na mizani yake imetimia. Na kwa upande wa michezo ya katikati ya karne iliyopita, kufa huko hakuna tiba ya baadaye. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1937. Msomaji na apige hesabu mwenyewe ni wangapi wa rika hilo waliobaki wa kuulizwa.

Kwa kuwa jarida hili husomwa zaidi visiwani na mwambao, yafaa niseme Hedaru ni wapi. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare Kusini, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mbele ya barabara hiyo kulikuwa na reli. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa imekwisha kuambaa na milima hii hadi Moshi. Katika reli hiyo, kuzishika stesheni kutoka kusini, utazikuta Mkomazi, Hedaru, Makanya na Same. Nchi ya chini ni kavu, ya upepo na vumbi, yenye mkonge na miiba. Ya juu ni ya ukungu, migomba na maji. Huko juu wakulima huyakinga maji ya vijito katika mabwawa waliyoyarithi, yaitwayo ndiva, na kuyagawa kwa zamu. Vunta, Suji, Chome, Bwambo na Vudee ni vijiji vya juu. Hedaru na Makanya ni vya chini. Wa juu akishuka na wa chini akipanda, wote wawili wanajua wamevuka mpaka, ingawa hakuna askari aliyesimamishwa pale.

Nchi iliyopangika hivyo imekwisha kuuandaa mchezo kabla mpira haujaletwa. Kuna juu na chini. Kuna stesheni na stesheni. Kuna shamba la mkonge lililokusanya vijana wa makabila mbalimbali, na karibu yake kijiji cha wenyeji kinachosema Chasu. Kuna kanisa na msikiti, na kuna Wasabato, ambao walianza kazi yao Upare Kusini mwaka 1903. Kwao Jumamosi ni siku ya ibada wala si siku ya mpira. Kwa hiyo, mahali penye waumini wengi wa madhehebu hayo, hata kalenda ya mechi ina dini ndani yake: huwezi kuipanga timu kamili bila ya kujua nani anasali lini. Mtunzi gani wa tamthilia angekataa kupewa mambo kama hayo? Naye mshairi wetu amepewa, akayaacha yalipo, akaandika kwamba michezo hujenga mwili.

Wala isisemwe kwamba Upare haukuandikwa. Umeandikwa vizuri. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliitoa historia ya siasa za Wapare mwaka 1969, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake juu ya mbiru. Mbiru ni ile kodi ambayo wananchi waliipinga katikati ya miaka ya 1940, hata maelfu wakakusanyika Same mwaka 1945. Tunawajua watawala, koo, kodi na madai. Tusiyoyajua ni yale waliyoyafanya watu hao hao alasiri ya Jumapili, kodi ikiwa imelipwa au haijalipwa. Unguja imebahatika zaidi: Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za mji wa Zanzibar, aliipa kandanda sura yake kamili, akaonyesha kwamba uwanja ulikuwa mahali pa kubishania heshima, mtaa na utawala. Hata mashindano makubwa yana kumbukumbu zake. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Matokeo yake yameorodheshwa na yeyote anaweza kuyasoma. Kadiri mchezo unavyoshuka daraja ndivyo wino unavyopungua. Ukifika kijijini, kalamu imekauka.

Hapa ndipo mshairi alipotakiwa aingie, maana shairi halihitaji ruzuku ya utafiti wala hati za nyaraka. Tutazame basi anaingiaje. Ili nisimtaje mtu nikamwonea, ubeti ufuatao nimeutunga mwenyewe kwa kufuata desturi iliyozoeleka:

Michezo hujenga mwili, na akili kuinuka,
Hufukuza ujahili, na udugu ukashika,
Tuipende kila hali, nchi ipate sifika,
Tucheze kwa kukubali, kushindwa kukitufika.

Mizani ni nane kwa nane. Vina vimekaa. Hakuna neno la uongo hata moja. Na bado ubeti huu unaweza kusomwa Mtwara au Mwanza, mwaka 1955 au mwaka huu, juu ya mpira wa miguu au mbio za magunia, na usipungukiwe na kitu. Anayeusoma haoni uwanja, hasikii kipenga, hajui nani aliyeshindwa. Shairi linalofaa kila mahali halina mahali pake.

Tabia hii ilitoka wapi? Sidhani ilitoka katika asili ya ushairi wetu. Nadhani ililetwa na gazeti, na kwa sababu njema. *Mambo Leo* lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, mshairi wa Kiswahili alipata kwa mara ya kwanza wasomaji wa nchi nzima, ambao hawamjui wala hawakijui kijiji chake. Shairi lililokuwa likisemwa barazani, mbele ya watu wanaojuana, sasa lilisafiri kwa posta. Mtunzi wa Tanga alijibiwa na mtunzi wa mikoa ya mbali. Kwa wasomaji wa namna hiyo, jina la golikipa wa Hedaru lilikuwa mzigo: nani huyo, na yatuhusu nini? Mawaidha ndiyo yaliyosafiri vizuri. Baadaye ukaja uhuru, na pamoja nao haja ya ushairi wa kujenga taifa, na UKUTA, na ngonjera za shuleni. Siidharau kazi hiyo. Mimi niliyejifunza kanuni za ushairi peke yangu, kwa kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 na kwa kuhesabu mizani kwa vidole, ni mtoto wa mapokeo hayo. Lakini faida ya kusikika kote tuliilipia, na malipo yake yalikuwa majina.

Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutunga juu ya ugomvi kwa jumla; alitunga juu ya ugomvi wa Mombasa na Lamu, wa Wamazrui na Wabusaidi, na waliolengwa walijijua. Utenzi wa Fumo Liyongo, kama alivyouandika Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, una ndani yake shindano tunaloweza kuliita la kimichezo bila ya aibu: watu wanakula makoma kikoa, kila mmoja akikwea mkoma kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo ilipofika aliyaangusha kwa mishale akiwa chini. Tunalikumbuka kwa sababu tunajua ni nani, ni mti gani na ni hila gani iliyokuwa imepangwa. Huko Unguja, wimbo wa Kijiti katika taarabu ya Siti binti Saad ulihusu mauaji yaliyotokea kweli mjini, na jina la mtuhumiwa likawa ndilo jina la wimbo. Karibu karne imepita. Nyimbo za maadili zilizoimbwa miaka ile ile zimesahauliwa kwa mamia, na Kijiti bado anaimbwa.

Tena mashindano yenyewe yalikuwa na nyimbo zake. Beni ilipoenea kutoka mwambao kuingia bara, Arinoti na Marini walikabiliana kwa ngoma, mavazi, vyeo na maneno; Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Akina mama wa lelemama wa Mombasa walikuwa na Ibinal Watan na Banu Saada, na wa taarabu wa Unguja walikuwa na Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari. Katika vyama hivyo ushindi haukuwa kamili mpaka uimbwe, na aliyeimbwa hakukaa kimya. Makunduchi mpaka leo, siku ya Mwaka Kogwa, pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba, kisha wanawake huyamalizia kwa nyimbo yale ambayo mabua hayakuyamaliza. Kirumbizi kinachezwa kwa fimbo, ngoma na zumari. Fimbo bila ya zumari haiitwi mchezo. Kwa hiyo, mpira ulipofika kijijini ulikuta nyumba imejengwa tayari kwa ajili yake. Ni sisi wa kalamu tuliokataa kuufungulia mlango.

Najua pingamizi litakalotoka Pemba na Lamu, nalo ni la kuheshimiwa. Litasema: ushairi wa Kiswahili una adabu yake, na adabu hiyo ni fumbo. Kumtaja mtu kwa jina ni ukavu wa kalamu. Fundi husema kozi akamaanisha mfalme, husema mnazi akamaanisha mwanamke. Ni kweli. Lakini tulitazame fumbo linavyofanya kazi. Fumbo hufumba kwa sababu kuna kitu kilichofumbwa, na wasikilizaji wanakijua au wanatafuta kukijua. Jina halitamkwi, ila lipo, limekaa katikati ya baraza kama mgeni ambaye kila mtu anajifanya hamwoni. Liondoe kabisa jina hilo na fumbo linageuka methali. Methali ni njema, lakini haina adui wala mpenzi. Mashairi yetu ya michezo hayafumbi. Hayana cha kufumba. Fumbo na jina si maadui. Fumbo linaishi kwa jina.

Sasa nitawachukua wasomaji mbali kidogo, hadi Ayalandi, kwa sababu huko nimekaa miaka kadhaa kwa njia ya kamusi. Watu wa nchi hiyo wana mpira wa magongo wao wenyewe, uitwao hurling. Kila mchezaji ana gongo lililochongwa kwa mti uitwao ash, lenye ncha pana kama kasia fupi. Mpira ni mdogo, wa ngozi, hupigwa chini au angani, na timu ni watu 15. Ni mchezo wa kale: shujaa wao Cú Chulainn, ambaye kwao ni kama Liyongo kwetu, husimuliwa kuwa akiwa mtoto alimuua mbwa mkali kwa gongo na mpira wake. Chama cha michezo hiyo kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na msingi wake ni parokia: unachezea pale ulipozaliwa, na mechi huwa Jumapili baada ya misa. Chini ya daraja la juu kuna madaraja mengine, na mojawapo huitwa Junior. Hapo wanacheza wakulima, mafundi na waalimu wa vijiji ambavyo ramani nyingi haziviandiki.

Katikati ya karne ya 20 vijiji hivyo vilikuwa katika shida tunayoijua. Kati ya mwaka 1951 na 1961 nchi ile ndogo ilipoteza takriban watu 400,000 kwa kuhama, wengi wao wakienda Uingereza kutafuta kazi. Kijiji kikipungukiwa na vijana watano, timu imekwisha. Hapa Upare vijana walishuka kwenda Tanga, Mombasa, Moshi na Dar es Salaam kwa sababu zile zile. Basi msimu mmoja wa daraja la chini katika kijiji cha namna hiyo si jambo dogo. Ni hesabu ya nani bado yupo.

Mshairi wa kuulizwa hapo ni Patrick Kavanagh, aliyezaliwa mwaka 1904 Inniskeen, kaunti ya Monaghan. Alikuwa mkulima na fundi viatu kama baba yake, aliacha shule mapema, akajisomea. Huko kwao mpira wa miguu wa Kiayalandi ndio uliotawala kuliko magongo, na Kavanagh alikuwa golikipa wa timu ya kijiji. Husimuliwa kwamba siku moja aliliacha lango akaenda kujinunulia kitu cha kupoza koo. Kama ni kweli au ni chumvi, kijiji kinaendelea kukisimulia kisa hicho, na hilo ndilo ninalolitaka. Mwaka 1951 alichapisha soneti iitwayo “Epic”. Ndani yake majirani wawili wanagombea kipande cha ardhi, mwaka ule ule ambao wakubwa wa Ulaya walikutana Munich kuamua vita na amani. Mshairi anajiuliza lipi kubwa, na jibu analipewa na Homer, ambaye naye utenzi wake mkuu ulianzia katika ugomvi wa watu wa mahali.

Mtu akilitafsiri shairi hilo hukutana mara moja na swali la makala haya. Ndani ya mistari 14 limebeba majina ya vishamba na ya ukoo ambayo hata Waayalandi wengi hawayajui. Mtafsiri afanye nini? Anaweza kuyafuta akaandika “mahali fulani” na “jamaa fulani”. Atapata Kiswahili laini na shairi lililokufa. Anaweza kuyabadilisha akaweka majina ya Upare. Atamsogezea msomaji shairi, lakini atakuwa amesema kwamba mahali pale hapakuwa na thamani ya kutajwa, na shairi lote linapinga neno hilo. Kilichobaki ni kuyaacha kama yalivyo na kumwamini msomaji. Tabu yake ni ya mizani: majina ya Kiingereza na Kiayalandi huishia kwa konsonanti, na lugha yetu inahesabu silabi zilizo wazi. Inniskeen utaihesabu vipi? Sikio linasema moja, kanuni inasema nyingine.

Na hapo ndipo inaponijia hasira juu yetu sisi. Kavanagh alipambana na majina magumu kuyaingiza katika mkondo wa lugha kubwa. Sisi tumepewa bure. Hedaru ni mizani mitatu, Makanya mitatu, Buiko mitatu, Vudee mitatu, Mkomazi minne, Kihurio minne, Same miwili, Chome miwili, Suji miwili. Yote yanaishia kwa irabu, yote yanakubali kina. Hakuna sheria ya ushairi inayoyazuia. Kinachoyazuia ni dhana kwamba hayatoshi.

Kuna mshairi mwingine wa kuangaliwa, mkongwe zaidi. Pindar wa Uyunani, karne ya tano kabla ya Masihi, aliishi kwa kuwatungia tenzi washindi wa michezo. Si wa Olimpia peke yake. Alitunga pia kwa washindi wa Nemea na wa Isthmia, ambayo haikuwa na fahari ile ile. Ukiondoa miungu na visa vyake, unabaki na mambo ambayo hayakosi: jina la mshindi, mji wake, mchezo alioshinda, na aghalabu jina la baba yake. Wengi wa watu hao hatuna habari nyingine yao. Wamebaki miaka elfu mbili na mia tano kwa sababu mtu aliwalipia mshairi, na mshairi alijua kuandika jina.

Lakini Pindar hatutoshi, na ni vyema niseme kwa nini. Kwake aliyeshindwa hana jina. Utenzi wa aina yake ni wimbo wa upande mmoja. Mpinzani yupo tu ili mshindi apate wa kumshinda. Kwa Olimpia huenda ikafaa. Kwa msimu wa kijiji haifai hata kidogo, kwa sababu katika msimu wa kijiji takriban wote wanashindwa. Timu nane zikianza, saba zitamaliza bila kombe, na hizo saba zina golikipa saba, nahodha saba na mama saba waliofua jezi. Shairi la msimu likiwa la bingwa peke yake limeacha nje sehemu saba katika nane za habari.

Na hapa ndipo Kiswahili kina kitu ambacho Uyunani na Ayalandi watatuonea wivu. Tuna majibizano. Umbo hili halikubali upande mmoja ubaki na neno la mwisho. Mmoja hutupa shairi, mwingine huokota vina vile vile akajibu, na wa tatu huingilia. Huo ni mtindo wa ligi yenyewe: nyumbani na ugenini, na mechi ya marudiano. Ili nisiishie katika nadharia, hizi hapa beti mbili nilizozitunga kwa mfano. Mechi ni ya kubuni. Hedaru wanaanza:

Makanya mlipokuja, mkashukia relini,
Tulikaa kwa pamoja, vumbi jingi uwanjani,
Mlianza kwa faraja, kipa wetu taabani,
Yenu ilibaki moja, zetu ni mbili golini.

Makanya wanajibu:

Hedaru mmezitaja, mbili zenu za nyumbani,
Hamkuitoa hoja, refa alikuwa nani,
Makande yalipokuja, tulishukuru moyoni,
Nanyi siku yenu yaja, Makanya tuonaneni.

Sizitoi kuwa ni beti kubwa. Natoa mfano wa kinachowezekana. Pana reli, pana vumbi, pana makande, ambayo Mpare hawezi kuyasahau katika ukarimu wake, na pana shaka juu ya refa, ambayo haijapata kukosekana tangu kipenga kibuniwe. Kila neno linaweza kuulizwa na kujibiwa. Ubeti wa kwanza niliouweka hapo juu, ule wa kujenga mwili, hakuna awezaye kuujibu. Utamjibu nini mtu anayesema udugu ni mwema?

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba hata katika beti hizi za majina sikumtaja golikipa. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Jina la mahali ninaweza kulitumia kwa kubuni, kwa sababu mahali pataendelea kuwapo na kujitetea. Jina la mtu halibuniwi. Huulizwa. Mshairi wa mechi lazima aondoke kwenye meza yake, aende kwa mzee, akae, anywe alichopewa, asikilize habari ya magoti na ya mvua kabla ya kufika kwenye mpira. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya ndani kabisa ya mawaidha yetu: mawaidha huandikwa bila ya kutoka nyumbani.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili ni la watu wa vijiji wenyewe. Wanasema majina huamsha ugomvi. Nyimbo za mashindano zimewahi kuleta ngumi. Watu waliacha kuoana kwa sababu ya goli. Sitaki kulipuuza. Lakini miaka sabini ni maji mengi. Waliotukanana wamezikana. Jeraha lililobaki kwa familia nyingi si kwamba babu alitajwa vibaya katika wimbo wa Makanya. Ni kwamba hakutajwa popote, na wajukuu wanaijua picha ya mchezaji wa Ulaya ukutani na hawajui kwamba babu yao alicheza wingi ya kulia bila ya viatu. Kati ya kutaniwa na kusahauliwa, sijamwona mchezaji anayechagua la pili.

Basi ombi langu kwa washairi wanaosoma kurasa hizi si la kutunga zaidi juu ya michezo. Ni la kutunga kidogo, na kwa mahali. Mmoja achukue Kengeja, mwingine Nungwi, mwingine Pangani, mwingine Vunta. Achague msimu mmoja tu. Aulize mambo matatu aliyouliza Pindar: jina, baba, mji. Aongeze la nne ambalo Pindar hakuliuliza: na waliofungwa, walikuwa kina nani? Kisha atunge upande wake, kwa vina vinavyojibika, na ampelekee mshairi wa kijiji cha pili ajibu. Wahariri wa majarida yetu, ambao kwa miaka wamepokea mashairi ya umoja na afya kwa magunia, watazijua tofauti zake mara moja. Na asubirie barua, kwa maana lazima atatokea mtu, pengine mwenye mwandiko unaotetemeka, wa kusema kwamba goli la pili lilikuwa la kuotea.